Ijumaa ya Kukamua Betri

Betri ya tatu ilianza kufa Jumatatu asubuhi nyuma ya wodi ya wazazi, na Kanuni alijua kabla mashine haijanyamaza. Mtu aliyebeba mashine ya kufyekea nyasi mwaka mzima na zaidi haambiwi. Mlio ulishuka, uzi wake unaozunguka ukaanza kuzilaza nyasi badala ya kuzikata, halafu kimya. Akatazama saa. Dakika saba! Betri iliyokuwa ikimtoa geti la magari ya wagonjwa mpaka uzio wa jikoni bila kupumua, leo imempa dakika saba, tena za kuomba.

"Haya," akaiambia. "Na wewe umeamua."

Akaketi kwenye ukingo wa mfereji, mashine mapajani, akaanza kulikanda bega la kulia. Alikuwa amechoka. Si uchovu wa Jumatatu, huo kila mtu anao. Ulikuwa uchovu wa mtu wa miaka hamsini na minane ambaye asubuhi hiyo alifunga kamba za kiatu kimoja, kisha akakaa kitandani kidogo akifikiria kama kile cha pili nacho ni lazima.

Kanuni si jina alilopewa na mama yake. Alipewa na wenzake kazini, na si kwa mapenzi sana. Alikuwa mkuu wa bustani katika hospitali ile kwa miaka ishirini na miwili, na hapakuwa na kitu ndani ya uzio wake kisicho na kanuni. Jembe lisafishwe kabla halijarudi stoo. Mpira wa maji ukunjwe kwa kuzungushia kulia. Glavu zikilowa zianikwe vidole vikiwa juu. Ukimuuliza kwa nini juu atakueleza, na utajuta kwa nini uliuliza. Nani asiyewajua watu wa namna hii? Wanachosha, lakini wakikosekana siku mbili hakuna anayejua koleo liko wapi.

Miaka yote ile alifyeka kwa mkono, fyekeo linakwenda na kurudi, mpaka bega likasema basi. Daktari wa hospitali hiyo hiyo alimwambia waziwazi: fyekeo usilishike tena, ukilishika utakuja hapa kama mgonjwa. Bahati yake, mwaka jana zikaletwa mashine za betri. Mbili za kufyekea na moja ya kupulizia majani. Pamoja nazo zikaja betri nne, zimetoka boksi moja, umbo moja, unaichomoa huku unaichomeka kule. Kanuni alizipokea kama mtu aliyeletewa wajukuu.

Na sasa mbili zilikuwa zimeshakufa, na ya tatu inakata roho.

Mchana huo msimamizi akamwita ofisini. Alikuwa kijana kwa Kanuni, mwenye heshima zake, lakini naye alikuwa na mabosi juu yake, na uso ulishaanza kuonyesha.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, bosi."

"Mzee, betri ya kwanza ilipokufa nilikuuliza, ukaniambia ni Mama Pacha. Mama Pacha nikamtoa bustanini, nikampeleka kufulia. Ya pili ikafa hayupo. Sasa nasikia ya tatu. Sasa nimtoe nani?"

Kanuni akalikanda bega.

"Ijumaa nataka uniambie kinachoua betri," msimamizi akasema. "Nikikosa jibu siagizi nyingine. Mashine zinarudi stoo, kila mtu anachukua fyekeo."

"Na bega langu, bosi?"

"Ukishindwa fyekeo, itabidi tuzungumze na watu wa utumishi." Alisema hivyo akitazama karatasi, kwa sababu aliona haya. Kuzungumza na watu wa utumishi kila mtu pale alijua maana yake: unarudi nyumbani kabla ya siku zako.

Sasa tuseme habari za Mama Pacha, maana bila yeye hadithi hii haina kichwa. Alikuwa mama wa mapacha wawili wa kiume, mwembamba, mwenye kifua dhaifu tangu utotoni, na kazi ya nje yenye hewa ilimkaa vizuri. Miaka sita alifanya kazi na Kanuni. Alimwita kaka, akamvumilia kanuni zake zote, akampikia chai bila sukari kwa sababu ya presha. Kosa lake lilikuwa moja. Alikuwa akichaji betri kabla haijaisha. Kanuni alimkuta mara mbili ameichomeka betri ya kipulizia kwenye chaja ilhali taa zake mbili bado zinawaka, akamfokea mbele za watu.

"Kaka, simu yangu huwa siingoji ife ndiyo niichaji," Mama Pacha alijitetea. "Na inadumu."

"Mwanamke na simu! Hii ni mashine, dada, si simu."

Betri ya kwanza ilipokufa na msimamizi akauliza nani anaziharibu, Kanuni hakuchukua hata dakika. Akamtaja. Hakumwita kwanza, hakumuuliza, alimtaja tu kama mtu anayesoma orodha. Miezi mitatu sasa Mama Pacha alikuwa chumba cha kufulia, katikati ya mvuke na dawa ya klorini, na kikohozi chake kilisikika mpaka koridoni. Kanuni alikuwa akikisikia. Ndiyo maana siku hizi, akienda stoo, alipita nyuma ya jikoni, njia ndefu yenye tope.

Jumanne akaanza uchunguzi, na alichunguza kama alivyofanya kila kitu, kwa mpangilio wa kuudhi. Kwanza akaomba pamba na spiriti kwa nesi, akasugua zile ncha za shaba za betri na za mashine mpaka zikang'aa. Dakika saba. Akaichomoa betri akaichomeka kwenye mashine ya pili, akafyeka ukingo wa maegesho. Dakika saba. Basi mashine haina kosa. Akaishuku soketi ya stoo, akaibeba chaja mpaka mapokezi, akaichomeka chini ya meza ya karani, karani akalalamika kwamba kitu kile kinapepesa kama macho ya mchawi. Ilikuwa kweli. Kwanza ilipepesa nyekundu muda mrefu, kama inasita, ndipo ikakubali. Halafu ikawaka kijani upesi ajabu, nusu saa tu, wakati zamani ilikuwa inataka saa moja na nusu.

"Imejaa haraka," Kanuni akajisemea. "Hiyo si dalili nzuri?"

Jumatano akafikiria joto. Stoo ilikuwa ya mabati, saa saba mchana huwezi kushika komeo la mlango. Akaihamishia chaja kwenye varanda yenye kivuli, akaiacha betri ipoe kabisa kabla ya kuichaji. Akafyeka. Dakika tisa! Jamani, mtu mzima alifurahi kwa sababu ya dakika mbili. Alirudia jioni, ikawa saba tena. Akaketi pale pale kwenye nyasi, moyo umemvunjika, na nesi mmoja aliyekuwa anapita akamuuliza kama amwitie mtu.

Hapo ndipo akakubali kufanya jambo alilolichelewesha kwa kiburi. Akabeba betri mbili zilizokufa, akaenda kwa Fundi Umeme.

Fundi Umeme alikuwa na kichumba chake karibu na jenereta, na mdomo usio na breki. Waliingia kazini mwaka mmoja, walikuwa wakitaniana tangu hapo.

"Leo Kanuni amekuja kuuliza?" akasema. "Subiri niandike tarehe."

"Fungua hii uone. Maneno baadaye."

Akaifungua kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na seli kumi, zimepangwa na kuunganishwa kama askari. Fundi akachukua mita yake, akagusa moja moja kwa zile ncha mbili, nyekundu na nyeusi, akisoma kwa sauti. Ya kwanza karibu na sifuri. Ya pili, sifuri. Ya tatu ilikuwa na kidogo. Ya nne sifuri. Kadiri alivyoendelea ndivyo utani ulivyopungua mdomoni mwake. Akafungua betri ya pili, hali ni ile ile.

"Hizi hazikuugua, bwana," akasema mwishowe. "Hizi zimekufa njaa."

"Njaa vipi?"

"Betri za aina hii hazitakiwi kuisha kabisa. Ndiyo maana mashine inajizima yenyewe wakati ndani bado pana moto kidogo. Huo moto uliobaki ni wa kuiweka hai. Ukiuondoa na huo, ukaiacha tupu siku mbili tatu, seli zinakufa. Ikifa moja inawavuta wenzake. Chaja inajaa haraka kwa sababu kikombe chenyewe kimebaki kidogo." Akaiweka mita chini. "Mashine inajizima. Sasa huo uliobaki nani anautoa?"

Kanuni akaanza kuvirudisha vifuniko vya betri.

Sikia. Alipokuwa kijana, kabla ya bustani, Kanuni alitunza redio za mkononi za walinzi. Zile zilikuwa na betri za zamani, nzito, na tabia yake ilikuwa mbaya: ukiichaji kabla haijaisha inakariri pale ulipoishia, kesho inakupa nusu tu. Mkuu wake akamfundisha kuzikamua. Unaunganisha betri na balbu, unangoja mpaka balbu izime kabisa, ndipo unaichaji. Betri za Kanuni zilidumu kuliko za kila mtu, akapewa cheti. Basi mashine hizi zilipokuja, akatengeneza ubao wenye balbu tatu za pikipiki, zimefungwa kwa mfuatano. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni, aliwakusanya watu wa bustani. Mashine ikishajizima yenyewe, aliichomoa betri akaiunganisha na ubao, na balbu zikawaka.

"Mnaona?" alikuwa akisema, kidole juu. "Bado pana moto umejificha. Mvivu angeridhika."

Balbu zilififia, zikawa nyekundu, zikafa. Betri zikawekwa rafuni zilale njaa Jumamosi na Jumapili, zichajiwe Jumatatu zikiwa safi. Wenzake waliiita siku hiyo Ijumaa ya kukamua. Miezi kumi na minne hakukosa hata moja.

"Nakuuliza, nani anautoa?" Fundi akarudia, kisha akamtazama usoni, akakumbuka ule ubao, akashika kiuno. "La! Bwana wewe! Wahenga walisema kuchamba kwingi..."

"Nyamaza, tuko hospitali."

"Nimenyamaza. Lakini methali umeimaliza mwenyewe, kwa huo ubao wako."

"Haiwezekani," Kanuni akasema kwa hasira. "Nimekamua betri ukiwa hujui hata kushika mita. Wewe unasoma vitu kwenye simu unakuja kunifundisha mimi?"

"Sawa, mzee. Basi ziliuawa na majini."

Akatoka bila kuaga. Alikuwa na hasira kweli, ile hasira inayokuja kwa mtu ambaye ameshajua. Akaenda stoo, kwa sababu alikuwa amekumbuka kitu kimoja: betri zilikuwa nne, na zilizokufa na inayokufa jumla yake tatu.

Ya nne ilikuwa ya kipulizia, ile ya Mama Pacha. Tangu mama huyo atolewe, kipulizia hakikuguswa, watu walirudia mafagio, na Kanuni mwenyewe aliihesabu ile betri kuwa maiti, maana ndiyo iliyokuwa ikichajiwa ovyo kuliko zote. Hakuwahi hata kuikamua. Kila Ijumaa ya kukamua Mama Pacha alikuwa akisema, "Yangu nimeshaikamua asubuhi, kaka," na yeye akaamini. Sasa akapanda kiti, akaishusha kutoka juu kabisa ya rafu, akaipangusa vumbi, akabonyeza kitufe cha kuonyesha chaji.

Taa mbili. Miezi mitatu imekaa pale bila mtu, na taa mbili zikawaka.

Akaichomeka kwenye chaja. Haikusita hata kidogo, ikachukua muda wake wote, ikajaa. Alhamisi asubuhi akaichomeka kwenye mashine ya kufyekea, akaanza nyuma ya wodi ya wazazi. Alifyeka mpaka kona. Alifyeka ukuta wa maabara, akapita chini ya madirisha ya watoto, akafika uzio wa jikoni, na mashine bado inalia. Alikuwa anatamani izime. Mungu amsamehe, ndivyo alivyotamani. Angalau betri moja imuunge mkono. Ilizima baada ya dakika arobaini na moja, kwa adabu, yenyewe.

Dada wa watu alikuwa amemdanganya kila mwezi ili aiokoe betri moja kati ya nne. Na hiyo moja ndiyo iliyobaki.

Jioni ile alifika nyumbani hana hata nguvu ya kuvua viatu. Mkewe akaleta dawa ya kuchua, akaanza na bega kama kawaida. Kanuni akamweleza yote, tangu mita mpaka dakika arobaini na moja. Mkewe alikuwa mtu wa maneno machache.

"Fundi anasema niseme zilitoka kiwandani zikiwa mbovu," Kanuni akaongeza. Ilikuwa kweli, mchana Fundi Umeme alimfuata kupatana naye, akampa ushauri huo kwa nia njema. "Bosi hajui betri. Ataagiza nyingine, mimi nitaacha kuzikamua, yatakwisha. Nani atajua?"

"Na Mama Pacha?"

"Mama Pacha ameshazoea kule."

Mkono wa mkewe ukasimama begani. "Nilimkuta sokoni mwezi uliopita. Aliongea maneno mawili, akakohoa, akaongea mawili mengine. Aliniuliza bega lako linaendeleaje."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Jina lake likitajwa humu ndani unatoka nje kuangalia kuku." Akafunga kichupa cha dawa. "Na kuku wenyewe hatuna."

Kanuni hakucheka. Aliona aibu, aibu ya moto kabisa, iliyompanda shingoni mbele ya mke aliyeishi naye miaka thelathini. Ukweli ni kwamba hakuogopa kufukuzwa peke yake. Aliogopa kusimama mbele ya watu aliowaamrisha miaka yote ile na kusema: kanuni yangu ndiyo iliyoharibu. Mtu akishajulikana kwa kitu kimoja, ukimvua hicho anabaki na nini?

Ijumaa asubuhi akaingia ofisini kwa msimamizi, akaomba Mama Pacha aitwe.

"Wa nini?"

"Mwite tu, bosi. Sitaki kuyasema mara mbili."

Akaja na aproni yake ya plastiki inayotiririka maji, mikono imekunjamana, macho mekundu kwa ile dawa. Akasimama karibu na mlango. Alimwamkia msimamizi. Kwa Kanuni hakutoa salamu.

Kanuni akasema yote akiwa amesimama. Alieleza redio za walinzi, balbu tatu, Ijumaa za mwisho wa mwezi. Alieleza seli kumi na mita. Alieleza betri ya kipulizia, miezi mitatu rafuni, dakika arobaini na moja. "Betri nimeziua mimi," akamaliza. "Huyu ndiye aliyekuwa anazitunza. Nilimsingizia. Sikujua kama nasingizia, lakini sikuuliza pia."

Msimamizi akaweka kalamu chini.

"Mzee, ungesema tu zimechakaa. Ningeagiza."

"Najua."

"Sasa kwenye ripoti niandike nini? Kwamba mkuu wa bustani alizikamua kwa balbu za pikipiki?"

"Andika hivyo hivyo."

Msimamizi akajikuna kichwa. Alikuwa mtu mwema, naye alikuwa amechoka, na hakupenda mambo yanayohitaji karatasi nyingi. "Haya. Mama Pacha anarudi bustanini, na betri zitakuwa chini yake. Lakini kufulia hakuna mtu wa akiba. Nikimtoa wanabaki wawili kwa mashuka ya hospitali nzima. Nimpeleke nani kule?"

Hapakuwa na mtu wa kutaja. Hakika, safari hii Kanuni alichukua dakika nzima.

"Mimi," akasema.

"Na bega?"

"Mashine ndiyo inayofua. Mimi nitakunja."

Walitoka pamoja mpaka koridoni, yeye na Mama Pacha. Kanuni alikuwa amejiandaa kutukanwa, na kwa kweli alikuwa anatukanika. Mama Pacha alivua aproni polepole, akaikung'uta.

"Nilikuambia, kaka. Nilikuambia mara ngapi?"

"Nyingi."

"Miezi mitatu nalala nimekaa. Nikilala chali nakosa pumzi. Wanangu wanaamka kuniangalia kama bado nipo."

"Najua. Nilikuwa nakusikia ukikohoa."

Mama Pacha akamgeukia. "Ulikuwa unanisikia? Ukiwa wapi? Hujawahi kupita pale hata siku moja."

Angeweza kudanganya. Neno moja tu lingetosha. "Nilikuwa nazunguka nyuma ya jikoni," Kanuni akasema. "Ili nisikuone."

Alitikisa kichwa, mama wa watu, na machozi yakamlenga. "Betri nimekusamehe," akasema. "Betri ni ujinga tu, kila mtu ana wake. Hilo la jikoni sijui. Hilo niache nalo kwanza."

Akamkabidhi aproni, akaondoka zake.

Kufulia si kazi ya mchezo. Mashine zinafua kweli, lakini shuka likitoka lina uzito wa maiti, na lazima mtu alivute. Bega lilijifunza maumivu mapya. Wale wanawake wawili wa mle ndani walimpokea kwa vicheko, wakamfundisha kukunja shuka la kitanda kikubwa bila kuliburuza sakafuni, na alipojaribu kuwaeleza namna bora zaidi wakamwambia, "Baba, ulikotoka uliua betri. Hapa kunja." Akakunja. Wiki mbili alikunja bila kutoa kanuni hata moja, jambo ambalo Fundi Umeme alikuja kulishuhudia kwa macho yake.

Betri mpya zilifika. Alijua kwa mlio. Kila asubuhi mashine ililia nje, mlio mmoja, mnene, hausiti. Mama Pacha alikuwa akifyeka upande ule wa jengo na kupita chini ya dirisha la kufulia. Hakusalimia. Kanuni naye hakumwita. Aliona dada huyo ana haki ya kununa.

Katika wiki ya tatu dawa ikamshika kooni. Ilianza kama muwasho, siku iliyofuata kikawa kikohozi, kikohozi kikavu cha kujikunja, na kikamkuta ameshika shuka mikono miwili hana pa kuziba mdomo. Akakohoa mpaka akaegemea meza. Nje mashine ikanyamaza ghafla. Katikati ya kukohoa akawaza, imekufa tena, maskini, nini tena kimeiua.

Haikuwa imekufa. Mama Pacha alikuwa amesimama dirishani, miwani ya kazi imepandishwa kwenye paji la uso, majani yamemjaa nguoni.

"Umeanza lini?"

"Jana."

"Usikunjie huko ndani penye mvuke. Mimi nilijifunza nimeshachelewa. Meza isogeze huku dirishani, na hili dirisha wakilifunga unafungua."

"Ni nzito, dada. Nitaisogeza baadaye."

"Isogeze sasa hivi, kaka. Nakuangalia."

Akaishika meza kwa mkono wa kushoto, akaivuta kidogo kidogo, ikikwaruza sakafu. Mama Pacha alingoja pale pale mpaka ikafika dirishani, ndipo akashusha miwani, akawasha mashine.